SWR inapanda alfajiri, inashuka mchana: antena yangu ya mita 40 hapa Mikindani inaugua nini?

#1 KucheleDipoli
Wakuu wa redio ya ridhaa, salaam.

Nina dipoli (antena ya waya wa miguu miwili) ya wimbi la mita 40, niliyoifunga kama V iliyopinduliwa. Katikati ni bomba la GI (la mabati) la inchi mbili, urefu mita 9, limesimama uani kwangu Mikindani, hatua kama themanini kutoka ghuba. Mguu mmoja wa waya umefungwa kwenye mnazi upande wa bahari, mwingine kwenye mwembe upande wa barabara. Kebo ni RG-58, mita 25. Kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, 1 ndiyo bora kabisa) ya 1.4 kwenye 7.100 MHz, mchana na usiku, bila kugusa kitu.

Tangu kusi lishike mambo yamegeuka. Saa kumi na moja alfajiri mita inasoma 2.6. Saa tatu asubuhi 2.0. Saa sita mchana 1.5. Jua likizama inaanza kupanda upya. Kila siku hivyo hivyo. Redio inajipunguzia nguvu yenyewe, na alfajiri ndiyo saa yangu ya kuwapata watu wa mbali kabla sijaenda kazini.

Konekta ya huku redioni nimeikagua, iko safi. Mlingoti sijaushusha. Kabla sijaagiza kebo mpya Dar, nisaidieni: ni kitu gani kinaugua usiku na kupona mchana?

#2 FundiChikongola
Maji kwenye kebo. Usihangaike.

Konekta ya PL-259 haizuii maji hata kidogo. Ukiifunga juu ya mlingoti bila kuivalisha kitu, umande unaingia, na ule wavu wa shaba unanyonya kama utambi wa kibatari. Kuna kebo niliikata Shangani mwaka jana, mita 4 kutoka kwenye konekta shaba bado nyeusi kama mkaa. Shusha, kata futi moja, angalia rangi. Ikiwa nyeusi, hiyo kebo tupa.

#3 MwalimuWaMtanda
Habari zenu. Nafundisha fizikia huku Lindi, na antena yangu nimeifunga mwenyewe.

Fundi #2, nakubali kwamba PL-259 inapitisha maji, lakini hii dalili hailingani. Maji yaliyonyonywa na wavu hadi mita 4 hayakauki kufikia saa sita mchana halafu yakarudi jioni. Na kebo iliyooza mara nyingi huifanya SWR ionekane NZURI ukipimia huku chini. Nguvu inapotea ikienda, inayorudi nayo inapotea njiani, mita inaona kidogo tu kimerudi. Kebo inayopoteza nusu ya nguvu kwa njia moja, hata ukikata antena yote kule juu, mita haitasoma zaidi ya 3. Kwa hiyo hata hiyo 1.4 ya miaka miwili ningeitilia shaka, lakini hilo tuliache kwanza.

Mimi nasema ni chumvi na umande. Ncha za dipoli ndipo penye volti kubwa kuliko pote. Kusi linapuliza chumvi kutoka baharini, inakaa kwenye vikombe vya nchani (vile vya kuzuia umeme usitoke kwenye waya) na kwenye kamba. Mchana ikiwa kavu haina neno. Usiku umande ukiilowesha, inakuwa njia ya umeme kutoka kwenye waya hadi kwenye mnazi.

Swali kwa mleta uzi: SWR ikipanda, yale masafa ambapo SWR iko chini kabisa yanabaki 7.1 au yanahama?

#4 MzeeWaNgalawa
Wanangu, mnazungumza habari za Mikindani bila kuyataja maji. Ghuba ile nimeivua tangu mdogo. Maji yakijaa yanasogea hadi kwenye mikoko, yakitoka unabaki uwanja wa matope. Bamvua, yale maji makubwa, hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka karibu saa nne. Sasa huyu anasema taabu ni saa kumi na moja alfajiri. Maji yamejaa chini ya waya wake. Hamlioni?

#5 Dogo_Rahaleo
Shikamoo mzee. Ila wewe hata redio ikiisha betri utasema bamvua 😂

#6 MzeeWaNgalawa
Marahaba. Betri sijaitaja. Nimesema maji.

#7 Nyanda_za_Newala
Msimcheke mzee. Dipoli haisomi urefu kutoka kwenye udongo unaouona, inasoma kutoka pale umeme unapoakisiwa, na maji ya bahari yanaakisi vizuri kuliko ardhi yoyote. Mita 9 kwenye masafa ya 7 MHz si hata robo ya wimbi. Kwenye kimo hicho, mita 2 au 3 zikiongezeka au kupungua chini, ukinzani wa antena unabadilika waziwazi. Na bamvua la pwani yetu linapanda zaidi ya mita 3.

Huku kwetu juu mchanga mkavu, hatuna shida hiyo. Sisi shida yetu radi.

#8 MwalimuWaMtanda
Nyanda, hoja yako ina uzito lakini punguza kidogo. Kwanza, yeye yuko hatua themanini kutoka majini, maji hayafiki chini ya waya wenyewe. Pili, maji yakitoka yanaacha matope yaliyoloa chumvi, nayo yanapitisha umeme. Badiliko litakuwapo, lakini kutoka 1.5 hadi 2.6? Mimi sijashawishika. Na mzee, kama ni bamvua, mbona saa kumi alasiri SWR haipandi?

#9 MzeeWaNgalawa
Hajasema alipima saa kumi alasiri. Amesema alfajiri, saa tatu, saa sita, na jua likizama.

#10 MwalimuWaMtanda
Hapo umenishika, mzee. Mleta uzi, saa kumi alasiri ulipima?

#11 KucheleDipoli
Shukrani wote. Saa kumi alasiri huwa niko kazini, sijawahi kupima. Mwalimu, nimeangalia leo: mchana SWR ya chini kabisa ilikuwa kwenye 7.09, alfajiri ilikuwa 7.02.

Halafu kuna jambo sikulisema nikidhani halihusu. Mwezi wa nne, kabla upepo haujashika, nilibadilisha stei, zile za kuushikilia mlingoti. Zilikuwa kamba za manila, jua limezila zikawa zinamenyeka kama maganda ya muwa. Nikaweka waya wa chuma, stei tatu, kila moja kama mita 11, zimefungwa moja kwa moja kwenye bomba.

#12 FundiChikongola
Ndiyo maana tunasema mgonjwa aeleze yote! Stei za waya mita 11 chini ya dipoli ambayo kila mguu ni mita 10? Umeweka antena nyingine tatu pale. Waya wa stei lazima ukatwe vipande na kuunganishwa kwa vile vikombe vya yai (vizuia umeme vyenye umbo la yai), ili kipande kimoja kisikaribie robo wala nusu ya wimbi lako. Uzuri wa kikombe cha yai ni kwamba waya mbili zinapishana ndani yake, kikipasuka waya zinabaki zimeshikana na mlingoti hauanguki.

#13 Dogo_Rahaleo
Lakini fundi, waya wa stei hauondoki usiku na kurudi mchana. Upo saa zote.

#14 FundiChikongola
Waya upo, maungio yake je? Umeufunga kwenye bomba la mabati, pameshika kutu. Kavu, kutu haishiki umeme. Ikiloa umande inashika. Mchana stei ziko peke yake, usiku zimeungana na mlingoti.

#15 Kijana_wa_Mingoyo
Mimi nimejifunza hesabu hii: 150 gawa kwa masafa. Kwa 7.1 inakuja mita 21. Labda waya wake mfupi?

#16 Nyanda_za_Newala
Hapana ndugu. 150 ni nusu ya wimbi hewani. Kwa waya halisi tumia 142.5, utapata mita 20 na sentimita 7, gawa mara mbili kwa kila mguu. Ukikata mita 21 antena itakaa kama 6.79, nje kabisa ya bendi yetu inayoanza 7.000. Na kama waya una ganda la plastiki, kama ule wa umeme wa nyumba, punguza tena asilimia chache. Kata mrefu kwanza, kisha kunja ncha kidogo kidogo huku unapima.

#17 Kijana_wa_Mingoyo
Asante sana. Yangu niliikata 21 😔 Nitapunguza.

#18 BombaNaZege
Nimeusoma uzi wote, kila mtu yuko kwenye waya, hakuna aliyeuliza habari za lile bomba lenyewe. Nimesimamisha milingoti Mtwara mjini, Msimbati na Masasi, na nawaambia kuwa Masasi bomba linadumu, Msimbati linaliwa ukiangalia.

Kosa la kwanza ni kuchomelea. Fundi anachukua bomba la mabati, anachoma vipete vya stei, anapaka rangi ya fedha juu. Moto umeshaunguza zinki pale, na chumvi inaanzia hapo hapo. Moshi mweupe wa zinki nao unampa fundi homa usiku kucha. Tumia kola ya kukaza kwa bolti, au ukichomelea lazima usugue hadi chuma king'ae, kisha upake rangi yenye zinki.

Kosa la pili, bomba linazibwa chini kwenye zege bila tundu. Maji yanajaa ndani, unaona nje pazuri, ndani pameisha. Ukiligonga chini unasikia mlio wa debe. Acha tundu la kutolea maji.

La tatu ni kuchanganya madini. Shaba ikikaa kwenye mabati, zinki inaliwa. Bolti ya chuma kisichoshika kutu kwenye alumini, karibu na bahari, alumini inageuka unga mweupe. Paka grisi katikati. Na "haishiki kutu" zipo za aina mbili: 304 ya vyombo vya jikoni huku pwani inapata madoa, ya baharini ni 316. Muuzaji akishindwa kukuambia ni ipi, jua ni 304.

KucheleDipoli, lile bomba lako lina mwaka wa ngapi?

#19 KucheleDipoli
Wa tatu sasa. Vipete vimechomelewa. Vimepakwa rangi ya fedha.

#20 BombaNaZege
Basi kabla ya SWR, Jumamosi kagonge bomba. Mita 9 za chuma zikianguka uani penye watoto hakuna atakayekumbuka bamvua wala umande.

#21 MwanaMsimbati
Naunga mkono #18 na #20. Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza Kimbunga Kenneth, mlingoti wangu ulikuwa na bawaba chini, nikaulaza kwa dakika ishirini na shemeji yangu. Kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili, Cabo Delgado, tarehe 25. Jirani mwenye mlingoti wa kuzikwa kwenye zege alikesha anauchungulia. Tangu hapo mlingoti usiolala siutaki. Na wazee wa Lindi bado wanahadithia kimbunga cha Aprili 1952, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba pwani hii haina dhoruba.

#22 Dogo_Rahaleo
Swali la mgeni: kwani hivi vitu vinaruhusiwa? Nikisimamisha bomba na waya si nitaambiwa jasusi?

#23 Nyanda_za_Newala
Vinaruhusiwa ukiwa na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Alama za wito za Tanzania zinaanza na 5H. Kusikiliza tu anza leo. Ukiwa mjini karibu na uwanja wa ndege na unataka kwenda juu sana, waulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na mlingoti wowote usimame mbali na nyaya za TANESCO kiasi kwamba ukianguka upande wowote hauzifikii. Hilo halina mjadala.

Nimalizie na ile ya radi niliyoigusa #7. Huku Newala tuko juu ya ukingo, mvua za Novemba zinakuja na radi tupu. Mwaka juzi ilipiga mkorosho hatua thelathini kutoka kwenye antena yangu. Kebo nilikuwa nimeichomoa redioni lakini nikaiacha mezani, karibu na chaja ya simu. Chaja ilipasuka vipande. Siku hizi nachomoa na kuitoa nje ya dirisha. Mlingoti una ethi rodi yake, na hiyo ethi nimeiunganisha na ethi ya nyumba. Zikiwa mbalimbali, radi ikipiga moja inatafuta njia ya kwenda kwenye nyingine kupitia vifaa vyako.

#24 MwalimuWaMtanda
Turudi kwa mgonjwa. SWR ya chini kabisa imehama kutoka 7.09 hadi 7.02. Hiyo inamaanisha waya umekuwa kama umerefuka, na kitu chenye maji na chumvi kwenye ncha kinafanya hivyo hasa. Lakini nikiri: kuhama kHz 70 peke yake hakutoshi kufikisha 2.6. Dipoli ya mita 40 ni pana kuliko hapo. Kuna kitu cha pili.

Njia ya kutenganisha ipo na haina gharama. Umande unakuja saa zile zile kila siku. Maji kujaa kunachelewa kama dakika 50 kila siku. Pima saa kumi na moja alfajiri kila siku, kuanzia bamvua hadi maji mafu (siku za maji madogo). Wakati wa maji mafu saa hiyo maji yatakuwa yametoka. Namba ikibaki pale pale, mzee ameshindwa. Ikishuka, nimeshindwa mimi.

#25 MzeeWaNgalawa
Sawa mwalimu. Tungoje.

#26 KucheleDipoli
Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi. Naweka namba kama zilivyo, zote saa kumi na moja alfajiri kwenye 7.100.

Siku tatu za bamvua: 2.6, 2.7, 2.6. Kisha 2.5, 2.4, 2.2. Siku za maji mafu: 2.1, 2.0, 2.1. Siku ya kumi 2.2.

Jumapili ya bamvua nilikuwa nyumbani saa kumi alasiri: 1.7. Saa sita siku hiyo hiyo ilikuwa 1.5.

#27 MzeeWaNgalawa
Mwalimu, umeona.

#28 MwalimuWaMtanda
Nimeona, mzee, na nimefurahi kuona. Lakini tazama na upande wangu: maji mafu, bahari imetoka, na bado ni 2.1 alfajiri dhidi ya 1.5 mchana. Hiyo ni nini kama si umande? Na alasiri ya bamvua maji yamejaa vile vile kama alfajiri, lakini kumepanda nukta mbili tu.

Kuche, siku zile za maji mafu, usiku kulikuwa na mawingu?

#29 KucheleDipoli
Mbili kati ya tatu kulikuwa na mawingu na upepo. Bati asubuhi lilikuwa kavu.

#30 Nyanda_za_Newala
Basi jaribio limeingiliana. Siku maji yalipotoka ndizo siku umande ulipokosekana. Huwezi kumpa mtu ushindi hapo.

#31 Fundi_wa_Bati
Mmetaja bati, nami niseme langu. Kebo inashuka mita ngapi kutoka kwenye paa? Je, kule juu ameweka baluni (kifaa cha kuunganisha kebo na dipoli), au hata mizunguko ya kebo pale kwenye kiungio? Kama hakuna, umeme wa redio unashuka nje ya wavu wa kebo, na kebo yote inakuwa sehemu ya antena. Hapo kila kinachogusana na kebo kinahesabika: bati lililoloa, ukuta, hata wewe ukishika kipaza sauti. Kwangu SWR ilikuwa ikibadilika nikishika kebo kwa mkono. Nilipopitisha kebo kwenye pete za feraiti, ilitulia.

#32 KucheleDipoli
Baluni sina. Kebo imelala juu ya bati kama mita 6 kabla ya kuingia dirishani.

Na jana nilifanya jambo jingine. Nilishusha ncha mbili tu za waya, nikaosha vikombe kwa maji ya kisima na mswaki. Vilikuwa na ukoko mweupe, nikauonja, ni chumvi kweli. Nikabadilisha zile kamba za mwisho pia. Alfajiri ya leo: 1.9.

#33 MwalimuWaMtanda
Asante kwa kuonja 🙏 Sasa kikombe kisafi, 1.9.

#34 FundiChikongola
Aliposhusha na kupandisha ncha, stei zilitikisika na maungio yakasuguana. Nipeni na mimi nafasi yangu.

#35 BombaNaZege
Bomba umegonga?

#36 KucheleDipoli
Nimegonga. Juu linalia vizuri. Chini, karibu na zege, linalia debe.

#37 BombaNaZege
Likae chini wiki hii hii, usingoje Jumamosi nyingine. Usipande ngazi juu yake na usimpandishe mtu. Toa kwanza waya za dipoli, funga kamba mbili juu, mmoja ashike upande wa barabara na mwingine upande wa bahari, ndipo mlegeze stei moja moja. Kusi likiwa limepoa, asubuhi mapema.

#38 KucheleDipoli
Nimeelewa. Mdogo wangu na jirani wamekubali, Jumatano alfajiri. Likishuka nitakata ile kebo kama fundi alivyosema, nitaweka picha ya rangi ya shaba hapa. Jipya nitalisimamisha kwa bawaba, stei nitatumia kamba nyeusi ya poliesta, na kebo nitaizungusha mara kadhaa pale juu kabla haijashuka.

#39 MwalimuWaMtanda
Vizuri. Ila nakuomba, usibadilishe vyote kwa siku moja, hatutajua kilichoponya. Anza na bomba na stei, kebo iwe ile ile, vikombe vile vile. Pima siku tano. Kisha kebo.

#40 FundiChikongola
Mwalimu, kebo ikiwa nyeusi airudishe juu kwa ajili ya jaribio?

#41 MwalimuWaMtanda
Siku tano tu, fundi.

#42 MzeeWaNgalawa
Jumatano maji yanaanza kupanda kuelekea bamvua. Upime saa kumi alasiri pia, mwanangu, omba ruhusa kazini. Mimi nitakuwa ufukweni pale kwa chini, nitakupigia simu maji yakigusa mikoko.